Uso Uliokatwa Pichani

Mwizi aliyeikata picha ile alikuwa mtu mwenye adabu zake, na jambo hilo ndilo lililomtia Wamaitha wasiwasi tangu siku ya kwanza. Wezi wa sanaa aliowazoea hawana simile. Wanavunja fremu, wanachana turubai kwa kisu cha jikoni, wanatoweka. Huyu alikata kipande kisichozidi kiganja cha mkono, akauzunguka uso wa mwanamke na kilemba chake bila kuharibu kitu kingine, halafu akaiacha picha ukutani imenyooka vilevile alivyoikuta.

"Shika tochi hapa, Dada Arlène. Iweke upande, mwanga uteleze juu ya kitambaa."

Wamaitha alikuwa mpelelezi wa kampuni moja ya bima, Mkenya aliyekaa Johannesburg hadi akawa anasema "eish" kama wenyeji bila kujisikia. Jumamosi hiyo ya Julai, baridi ikiwa imekaza na wageni wachache wakitembea na makoti yao ndani ya ukumbi, alikuwa amerudi kwenye makumbusho ya sanaa ya Parktown kuanza upya. Pembeni yake alisimama Arlène, msimamizi wa maonyesho, aliyekuja na picha hizi kutoka Bukavu. Vita vilipoingia mjini kwao, yeye na wenzake wa makumbusho madogo ya huko walizibandua picha kwenye fremu, wakazikunja ndani ya magodoro na kuzivusha mpaka. Nyingine zilifika na matundu ya risasi. Hayo yaliachwa makusudi, watu wayaone. Tundu hili jipya lilikuwa habari nyingine.

Picha yenyewe iliitwa Kizuizi. Mchoraji, Hénock wa mtaa wa Kadutu, aliichora juu ya gunia la unga kama wachoraji wengi wa kwao. Barabara nyekundu, gogo limelazwa katikati, watu wenye bunduki wamesimama. Wote wametupa mgongo. Mtazamaji haoni ila visogo, mabega na visigino vya mabuti. Mbele yao watu wamepiga magoti. Na juu kabisa, katika dirisha la nyumba ya mbao, ndipo alipokuwa yule mwanamke wa kilemba cha njano, akiwatazama wale wenye bunduki usoni. Sasa pale dirishani palikuwa na tundu, na ndani ya tundu ukuta mweupe wa makumbusho.

Wamaitha aliiogopa picha ile na hakuona haya kukiri. Alikuwa amepoteza siku kadhaa akimfuata Cyrus, mfanyabiashara wa sanaa ambaye aliwahi kutaka kuinunua kwa nguvu, kumbe siku ya tukio Cyrus alikuwa Cape Town mbele ya mashahidi wa kutosha. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa Wamaitha ulikuwa ukuta huu.

"Hénock alimjua huyu mama?" aliuliza.

"Hénock alijulishwa na batu," Arlène akasema. "Alikuwa anachora, kiisha anatundika tableau ku mulango, rangi ikingali mubichi. Mutu akipita anamwambia, hapana, bunduki ilikuwa mu mukono wa kushoto. Mwengine anasema, ule mama, pua yake haiko vile. Hénock anafuta, anarudilia. Anafanya vile mpaka siku batu banapita na bananyamaza. Bakinyamaza, basi, tableau imekwisha."

"Kwa hiyo uso huu ulikuwa uso wake kweli."

"Kabisa. Batu ya Kadutu balisema, ndiye. Balizani amekufa, donc habakuogopa kusema. Mie sikumujua, mie ni wa Nguba, mutaa ingine. Na Hénock naye alikufa vita ilipoingia."

Hesabu ya Wamaitha ilikuwa nyepesi. Wauaji wametupa mgongo, aliyewaona usoni ni mmoja tu, na anayeiba uso wa shahidi bila shaka anamtaka shahidi. Basi dawa ni kumfikia mwanamke huyo kabla ya mwizi. Kampuni ya bima huzipiga picha kazi zote siku zinapofunguliwa, kwa hiyo Wamaitha alikuwa na uso wote kwenye simu yake. Jumapili iliyopita aliupeleka kwa katibu wa kanisa moja la Wakongo katikati ya jiji.

Wakongo wa Johannesburg wana desturi yao. Baada ya ibada hutangazwa watu wanaotafutwa, kisha picha inatupwa kwenye kundi la WhatsApp na kila mtu anakuwa mpelelezi. Vita vimewatawanya hawa watu hadi mtu kutafutwa ni heri. Maana yake yuko ndugu aliye hai anayekuulizia. Hakuna anayeuliza anayetafuta ni nani. Kuuliza hivyo ni kutia kitumbua mchanga.

Na majibu yalikuja. La maana zaidi liliandikwa asubuhi ya Jumamosi hiyo na msusi mmoja aitwaye Mamie: huyu si Mama Thérèse wa kwetu, fundi wa nguo? Halafu faraghani akamtumia Wamaitha jengo, ghorofa na nambari ya mlango, huko Doornfontein.

Simu ikaita hapohapo ukumbini. Nambari ngeni.

"Dada Wamaitha? Ni mie Lambert. Bale ba kanisa balinipatia namba yako." Ilikuwa sauti ya mzee, ya upole, na ilikuwa ikitetemeka. "Ile photo, dada. Ni dada yangu. Thérèse. Tumbo moja. Tulipotezana ku vita, nikalia kilio, nikamaliza. Na leo ninaona muso yake mu simu."

Wamaitha hakuwa amelitangaza jina la Thérèse. Alitangaza uso mtupu. Huyu alilijua. "Pole sana, Mzee. Na hongera. Yuko hai."

"Iko wapi, dada yangu? Unisaidie tu. Sitakaa tena mu nyumba kungoja."

Akamwambia. Doornfontein, jengo lenye saluni chini, ghorofa ya nne, hadi nambari ya mlango. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe angefika huko jioni, na pengine ingekuwa vizuri waende pamoja.

"Mungu akubariki," mzee akasema, na simu ikakatika.

Arlène alikuwa akitabasamu. "Umepatanisha familia. Utakula mbuzi."

"Acha nimalize kazi kwanza." Wamaitha aliinama tena kwenye lile tundu, na safari hii akaona kitu ambacho mwanga wa juu ulikuwa umemficha. Nje kidogo ya ukingo, kulikuwa na mstari mweupe, hafifu, uliozunguka kote. Alidhani ni chaki ya wakarabati wa picha. Arlène akatikisa kichwa, hawatumii chaki. Wamaitha akakwangua kwa ukucha, akanusa.

Sabuni. Kipande cha sabuni ya mche, kile kinachobakia kimekonda ukingoni.

Alisimama akitazama ukucha wake. Ni nani huchora mstari kwa sabuni kabla ya kukata kitambaa? Fundi cherehani. Au mtu aliyekulia chini ya cherehani, ambaye mkono wake haujui kukata kwa namna nyingine. Kengele ya ukutani, ile ya wezi, huzimwa asubuhi tu, wakati wa kufuta vumbi, na mlinzi wa zamu husimama hapo mwanzo hadi mwisho. Mlinzi wa zamu siku ile alikuwa Glody, kijana wa Bukavu, mpole, mwenye mashati yaliyotiwa viraka visivyoonekana. Alipoulizwa siku ya kwanza anaishi wapi, alijibu: Doornfontein, na mama yangu, anashona.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wamaitha alisikia ile raha ya kazi inapokaa sawa.

"Niitie Glody," akasema.

*

Chumba cha walinzi kilikuwa nyuma ya ngazi: meza, birika la umeme, makoti ukutani. Glody aliingia na kofia yake kichwani, akasimama mpaka alipoambiwa aketi.

"Glody, sitakuzungusha. Ni wewe ulikata."

Kijana aliangalia birika.

"Ulichora kwa sabuni kwanza. Mwizi hachori. Ulikata kama mtu anayekata kola, ukahakikisha nyuzi hazifumuki. Na uliyemkata ni mama yako." Wamaitha aliteremsha sauti. "Sijui kwa nini, lakini sidhani ni wizi. Ungetaka kuuza, ungebeba picha nzima."

Glody akavua kofia. Ndani yake, chini ya bitana iliyoshonwa upya kwa mkono, palikuwa na uvimbe mdogo. Alifumua nyuzi kwa ukucha, akatoa kipande cha gunia, akakiweka mezani. Mwanamke wa kilemba cha njano aliwatazama wote wawili.

"Mama hajue kama iko mu tableau," akasema. "Hata mie nilimuona siku banafungua tu. Nilishituka, lakini nikasema, sawa, iko mbali, hakuna wa Kadutu atakuja Parktown. Kiisha ule baba akakuja."

"Baba gani?"

"Mzee moja. Anavaa koti ya kijivu. Alikuya mara mingi. Anakaa ku banc, anaangalia ile moja tu, zingine haangalie. Siku ya kwanza alicheka kidogo. Haangalie bale ba bunduki, Dada. Anaangalia mama. Siku ingine akatoa simu apige photo, nikamukataza, ni sheria. Hakukasirika. Akanisemesha Kiswahili ya kwetu, polepole. Akaniuliza, huyu mama alikufa ao iko muzima? Nikasema sijue. Akasema, ni dada yangu, tumbo moja, namutafuta."

Wamaitha hakuelewa bado, au alielewa na mwili wake ukakataa. Alichofanya ni kutabasamu, na tabasamu hilo angelijutia muda mrefu. "Basi Glody, nina habari njema. Huyo mzee amepata..."

"Mama haiko na ndugu," Glody akasema.

Birika lilikuwa linaanza kulia.

"Balikuwa bane. Ni bale banapiga magoti mu picha. Mie ninabeba jina ya moja wao." Aliweka kidole juu ya kilemba cha njano. "Njo maana nilikata. Nilizani akirudi, akute tundu, atasahau ile muso. Atakuwa na kumbukumbu tu, na kumbukumbu haiulizi batu mu barabara."

Sasa Wamaitha alitoa simu. Kundi la kanisa. Ujumbe wa Mamie, mbele ya macho ya watu wote: huyu si Mama Thérèse wa kwetu? Jina lilikuwa pale tangu asubuhi. Lambert hakulijua; alilisoma. Na uso ambao kijana huyu alihatarisha kazi yake kuuficha, yeye, mtaalamu, aliugawa kwa kila mwenye simu kutoka Diepsloot hadi Soweto.

"Dada. Unasema amepata nini?"

"Nilimwambia mlango," Wamaitha akasema. "Glody, nilimwambia hadi ghorofa."

Glody hakumlaumu. Hilo lilimuumiza kuliko tusi. Aliinuka, akakichukua kile kipande, na wakatoka mbio kupita katikati ya ukumbi, wageni wakiwapisha, Arlène akiuliza kuna nini na hakuna wa kumjibu.

*

Wamaitha aliendesha huku akizungumza na polisi kwa sauti iliyomshinda kuituliza. Mwanamke yuko hatarini, shahidi wa mauaji, Doornfontein, ndiyo, ghorofa ya nne. Wakamwambia gari linatumwa. Glody alikuwa anampigia mama yake, anakata, anapiga tena.

"Hapokei?"

"Akiwa ku cherehani hasikie."

Robot ya kwanza, taa nyekundu ya barabarani, iliwakatalia, ya pili pia. Teksi zilikuwa zimejipanga pande zote zikisubiri abiria, madereva wakipiga soga madirishani, na Wamaitha aliwachukia wote kwa utulivu wao. Alijiuliza mzee yule alipiga simu akiwa wapi. Kama alikuwa nyumbani, wana nafasi. Kama alipiga akiwa mjini, amefika zamani.

"Pigia Mamie," akasema. "Mweke kwenye spika."

Simu iliita kidogo tu. Nyuma ya sauti ya Mamie kulikuwa na makelele, vicheko, mtu anapiga makofi.

"Glody! Uko wapi, wewe mutoto? Kimbia! Mjomba yako amefika!"

Glody alifumba macho.

"Tumemupandisha sisi wenyewe," Mamie aliendelea, furaha ikimmwagika. "Tulipiga vigelegele ku ngazi yote. Mama yako alishituka, masikini, hakuweza hata kusema. Akamukumbatia tu. Sasa tuko hapa, tunakula."

"Mamie," Wamaitha akaingilia, "watu wangapi wako ndani?"

"Ee, ni nyumba muzima! Na Thérèse anakataza mutu kutoka. Kila mara anasema, ongezeni chai, hakuna kwenda mbele ya kumaliza kula. Sijamuona na moyo ya karamu vile."

Wamaitha na Glody walitazamana. Mama hakuwa na moyo wa karamu. Mama alikuwa amejenga ukuta wa watu, na alikuwa anaushikilia kwa chai.

"Mamie, nisikilize. Usiache watu waondoke. Hata mmoja. Na usimwambie mtu nilichosema."

Kicheko cha Mamie kilipungua polepole. "Juu ya nini?"

"Tunafika."

*

Lifti ya jengo lile ilikuwa imekufa miaka mingi. Walipanda ngazi kwa miguu, wakipita milango iliyo wazi na harufu za maharage na kemikali za nywele. Wamaitha alikuwa na mpango na mpango wenyewe ulikuwa mdogo: kuingia, kusalimu, kukaa katikati ya mzee na mama, kungoja polisi. Alimshika Glody mkono wa shati mlangoni. "Usionyeshe chochote. Yeye hajui kwamba sisi tunajua."

Chumba kilijaa. Cherehani ilikuwa imesukumwa ukutani na juu yake vikombe. Watu walikaa kitandani, juu ya ndoo, sakafuni, wengine wamesimama na mikate ya mafuta mikononi. Katikati, kwenye kiti pekee cha maana, alikaa mzee wa koti la kijivu. Alikuwa na uso wa mtu ambaye ungemwachia mtoto wako amshike. Mkono wa kushoto ulikuwa na kikombe. Wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti na haukutoka, hata alipogeuka kuwaona wanaoingia.

Kando yake, karibu kiasi kwamba magoti yaligusana, alikaa Thérèse. Kilemba chake leo kilikuwa cha buluu, lakini Wamaitha angemtambua popote. Yale yalikuwa macho ya dirishani, na yalikuwa yanatazama uso uleule.

"Karibu, Dada Wamaitha," mzee akasema. "Nimejua ni wewe, ulisema utafika. Umefanya kazi ya Mungu." Kisha macho yake yakahamia nyuma ya bega lake, kwenye sare ya mlinzi, na yakatulia hapo. Akatabasamu polepole, kama mtu aliyeletewa sahani ya pili bila kuiagiza. "Kumbe. Kijana wa musée. Ni mutoto yako, Thérèse? Hukuniambia kama uko na mutoto."

Ndipo Wamaitha alipomwona Thérèse anabadilika. Hadi dakika hiyo mama huyo aliogopa kwa namna ambayo mtu anaizoea, woga wa kukaa nao mezani. Sasa aliweka kikombe chini, akawageukia majirani.

"Bandugu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini chumba kilinyamaza. "Munisamehe. Niliwaacha mufurahi bure. Huyu haiko ndugu yangu."

Mtu alicheka, akidhani ni utani wa ndugu.

"Bandugu yangu bane bote alibauwa yeye, ku barrière, ile kizuizi ya Nyawera, asubuhi, na mie niko ku dirisha. Yeye njo alikuwa anatoa amri. Bengine balikuwa batoto badogo banatetemeka. Yeye alikuwa anatafuna mukate."

Mzee hakuinuka. Alitikisa kichwa kwa huruma. "Vita inaharibu akili ya batu," aliwaambia wageni. "Muone dada yangu. Tumupeleke ku maombi."

Wamaitha alivuta hatua hadi akasimama kati ya mkono ule wa kulia na Glody. Akatafuta nyuso za majirani, mmoja mmoja, akiomba kimoyomoyo, na alichokiona kikamvunja. Walikuwa wanaamini. Waliamini neno kwa neno, na kwa sababu hiyohiyo walikuwa wanaangalia sakafu. Hawa hawakukimbia Bukavu kwa kutojua watu wa namna hii ni akina nani.

"Mie niliacha sufuria ku moto," mwanamke mmoja akanong'ona, akatoka.

"Mutoto yangu iko peke yake," akasema mwingine.

Baba mmoja hakutoa hata sababu. Aliweka kikombe juu ya cherehani kwa uangalifu na kupita mlangoni kiubavu. Wakafuatana, vijana na wazee, mikate ikiachwa nusu, hadi akabaki Mamie peke yake, mkono mdomoni. Alimtazama Thérèse, akamtazama mgeni aliyempigia vigelegele, akageuka, akatoka kama wengine. Mlango ukajifunga taratibu. Ukuta wa mama ulikuwa umebomoka, na nje hapakuwa na mlio wowote wa gari la polisi.

"Batu yetu," mzee akasema, karibu kwa mapenzi. "Bako na akili." Akainuka. Alikuwa mrefu kuliko alivyoonekana ameketi. "Wewe, Dada Mkenya, umenisaidia, siwezi kukufanya mubaya. Kaa pembeni."

"Polisi wako njiani," Wamaitha akasema. Hakukaa pembeni. Alitaka sana kukaa pembeni, mwili mzima ulitaka, na alishangaa kuona bado yuko palepale.

"Njiani," mzee akarudia. Aliangalia dirisha, akaangalia Glody, akapima kitu kichwani mwake. Labda alikata shauri kwamba amekwishawapata wote wawili, na kwamba anayejua mlango anaweza kurudi wakati wowote. Alifunga vifungo vya koti kwa mkono wa kushoto. "Basi, Thérèse. Tutaonana tena. Nimejua njia."

Thérèse alikuwa amemshika mwanawe kwa shati kama anayezuia mtoto mdogo asivuke barabara.

Mzee akafungua mlango.

Hapakuwa na pa kupita. Wa sufuria alikuwepo, na wa mtoto, na yule baba wa kiubavu, na nyuma yao wasusi wa saluni na sega zao, vijana wa karakana ya viatu, mapadri wa kanisa la ghorofa ya pili bado na kanzu, wanawake wa Burundi, Watanzania wauza simu, mabibi ambao hawakuwa wamepanda ngazi zile kwa mwaka mzima. Walijaza korido, walijaza ngazi, chini mpaka mahali ambapo macho hayakufika, na ungeweza kusikia wengine wanaendelea kupanda. Hakuna aliyeshika kitu cha kupigia. Hakuna aliyesema. Walichofanya ni kuinua macho kutoka sakafuni na kumtazama usoni, wote.

"Munipishe," mzee akasema.

Hawakumpisha. Aliwatazama wa mbele, kisha wa nyuma yao, na Wamaitha, aliyekuwa hatua moja tu nyuma yake, aliona shingo ile inaanza kutoa jasho. Mkono wa kulia ulitoka mfukoni polepole, mtupu, ukashika fremu ya mlango.

Mamie ndiye aliyekuwa mbele kabisa. Midomo ilikuwa inamcheza kwa woga na machozi yalikuwa yanamteremka, lakini alijitahidi akapata sauti yake ya heshima, ile ya kumkaribishia mkubwa.

"Rudia ndani, Papa. Ukae," akasema. "Dada yako hajamaliza kusema."